Kukopa Nyumbani kwa Safari ya Mbali

Bonde la Kedong, lililotandaa baina ya milima ya Ngong na mlima wa Suswa, lilikuwa njia ya misafara muda mrefu kabla ya kupitiwa na reli. Wapagazi na wafanyabiashara walikata humo wakielekea Ravine na Uganda, na mwezi wa Novemba 1895 mamia ya Waswahili na Wakikuyu waliokuwa wakirejea kutoka Eldama Ravine waliuawa humo katika ugomvi wao na Wamaasai, tukio ambalo vitabu vya historia ya Kenya havijaacha kulitaja. Lakini liko jambo jingine katika habari za misafara ambalo hutajwa kwa nadra, nalo ndilo linalotuhusu hapa: aghalabu ya mali iliyobebwa vichwani kutoka mwambao kwenda bara haikuwa imelipiwa. Merikani, ushanga na masango vilichukuliwa kwa mkopo Unguja, kwa matajiri wa Kihindi kama Tharia Topan, aliyekuwa mdai wa Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, na mdai huyo alijua kwamba angekaa mwaka, au miwili, au zaidi, pasipo kumwona mdaiwa wake wala kupata yakini kama yu hai. Ndiyo maana kabla ya kufungua ghala alitaka kujua ukoo wa mkopaji, nyumba yake, shamba lake, na jinsi alivyolipa safari iliyotangulia. Na ndiyo maana faida aliyoidai ilikuwa kubwa.

Afisa wa mikopo aliyeketi leo katika tawi la benki la Ngong, Kitengela au mjini Kajiado hukabiliwa na swali lile lile, je, anayekwenda mbali atalipa, kila anapojiwa na kijana wa Ewuaso Kedong, huko Kajiado, aliyepata kazi ng'ambo, ambaye kabla ya kuondoka anaomba kadi ya mkopo. Vijana wa namna hiyo wameongezeka. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliteketeza mifugo mingi ya Kajiado, na wazee waliokuwa wakitegemea zizi wakalazimika kutegemea mshahara wa mtoto. Serikali ilitia sahihi mapatano na Uingereza mwezi wa Julai 2021 mintarafu ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya, na mengine na Ujerumani mwezi wa Septemba 2024. Na nchi za Ghuba zingali zikiajiri madereva, walinzi na watumishi wa nyumbani kwa maelfu. Fedha walizozituma nyumbani Wakenya walioko nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, kiasi kinachoyapita mapato ya majani ya chai. Wengi wa hao walisafiri kwa fedha za ng'ombe waliouzwa, za harambee au za chama, na ni wachache walioiwazia kadi, kwa kuwa kadi ya mkopo hudhaniwa kuwa kitu cha matajiri wa Nairobi wanaolala hotelini. Kwa maoni yangu dhana hiyo inawapunja wasafiri, ijapokuwa sina budi kukiri kwamba kitu chenyewe kina makali pande zote mbili.

Yafaa kwanza kutenganisha kadi mbili zinazofanana kwa sura, maana zote zina namba kumi na sita usoni na alama ya Visa au Mastercard pembeni. Kadi ya kawaida ya benki, ambayo karibu kila mwenye akaunti anayo, hutoa fedha zako ulizojiwekea, nazo zikiisha, kazi yake imekwisha. Kadi ya mkopo hutoa fedha za benki hadi kikomo ulichopewa, na kila mwezi benki hukuletea taarifa ya ulichotumia. Ukilipa chote ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa benki nyingi za Kenya unaweza kufika siku 45 au 50 tangu siku ya kununua, hutozwi riba yoyote, bali ukilipa sehemu tu, riba huanza kuhesabiwa. Biashara hii ilianzia Marekani, kwa Diners Club ya New York mwaka 1950 na kwa kadi ya Bank of America iliyotolewa Fresno mwaka 1958, ambayo tangu 1976 inaitwa Visa. Barclays ikaifikisha Uingereza mwaka 1966. M-Pesa, iliyoanza 2007, imetuzoeza Wakenya kulipa pasipo noti, na tangu Juni 2022 inaweza kutoa namba ya Visa ya kununulia vitu kwenye intaneti. Lakini namba hiyo haikukopeshi kitu, wala haina umbo la kumkabidhi karani wa hoteli.

Tuchukulie, basi, muuguzi aliyetua Uingereza tarehe 20 ya mwezi. Mshahara wake hulipwa mwisho wa mwezi, na kwa kuwa jina lake limechelewa kuingia katika daftari la malipo, fedha ya kwanza atakayoishika huenda ikawa ya mwezi unaofuata. Benki ya huko humtaka athibitishe anwani ya makazi kabla ya kumfungulia akaunti, na mwenye nyumba naye humtaka athibitishe mapato kabla ya kumpa ufunguo. Hoteli inataka kadi ili izuie kiasi fulani cha fedha kwa dhamana ya uharibifu. Kampuni nyingi za kukodisha magari hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kampuni ya simu na wakala wa nyumba huchungulia historia yake ya madeni, wakaikuta tupu, na utupu huo kwao hauna tofauti kubwa na historia mbaya. Jambo la ajabu ni kwamba TransUnion, mojawapo ya ofisi tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kuweka kumbukumbu za wakopaji, pamoja na Metropol na Creditinfo, ina ofisi Uingereza pia. Ila kumbukumbu za Nairobi hazimfuati mtu zenyewe hadi London, na muuguzi aliyelipa mikopo yake kwa uaminifu miaka kumi huanza upya kana kwamba hajapata kukopa wala kulipa maishani mwake.

Huko Ghuba hali ni nyingine, na pengine nzito zaidi. Katika Falme za Kiarabu, kwa miaka mingi benki kwa kawaida haikumpa kadi ya mkopo mtu ambaye mshahara wake haukufika dirhamu 5,000 kwa mwezi, na mtumishi wa nyumbani aliyeko Saudia kwa riyali 900 au 1,000 hana haja ya kuuliza. Kadi atakayopewa ni ile ya kupokelea mshahara, na ikiwa tajiri wake amechelewesha mshahara, kadi hiyo haina kitu. Kwa mtu wa namna hiyo, kadi ya nyumbani yenye kikomo kidogo, iliyofichwa pahali pema na isiyoguswa kwa ajili ya manukato wala simu mpya, yaweza kuwa tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi siku ambayo hana mwingine wa kumwendea. Hoja hii kwangu mimi inazipita zote nyingine, na najua kwamba benki hazipendi kuitaja katika matangazo yao.

Sasa kadi yenyewe huombwa lini? Hapa ndipo wengi hukosea wakati, kwa sababu mtu aliyepata kazi ng'ambo huanza na pasipoti, kisha vipimo vya afya, kisha viza, kisha barua ya kuacha kazi, na benki huikumbuka wiki ya mwisho, akiwa hana tena mwajiri wala mshahara wa kuonyesha. Fomu ya maombi ni karatasi isiyo na huruma. Inauliza jina la mwajiri, muda uliofanya kazi kwake, mshahara unaobaki baada ya makato, namba ya PIN ya kodi ya KRA, anwani ya makazi na deni jingine ulilo nalo. Na pamoja nayo hutakiwa hati za mshahara za miezi mitatu na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Kwa mkaaji wa Ewuaso Kedong kisanduku cha makazi peke yake chaweza kuchukua wiki, kwa maana nyumba ya boma haina bili ya stima wala ya maji, na sanduku la posta ni la shule au la kanisa. Benki nyingine hukubali barua ya chifu yenye mhuri, nyingine hukataa, na ni heri mtu ajue mapema yake ni ipi kabla ya kupanda matatu kwenda Ngong mara ya pili. Kwa hiyo wakati mwafaka ni pale mwombaji angali kazini, miezi kadhaa kabla ya safari, ili kadi ije mkononi, itumike kidogo kidogo na kulipwa, na mdai apate kuona mwenendo wa mdaiwa wake akingali karibu.

Wapo wanaoshauri kwamba habari ya safari ifichwe hadi kadi itoke. Ushauri huo siuafiki, wala si kwa sababu ya uadilifu peke yake. Mkataba wa kadi humlazimisha mwenye nayo kuijulisha benki akibadili kazi au makazi, na kadi iliyozoea kununua petroli Kitengela, ikianza ghafula kulipia vitu Doha usiku wa manane, mitambo ya benki huidhania imeibiwa na kuifunga, naye mwenyewe hubaki kaunta mikono mitupu. Afadhali afike mbele ya afisa na mikataba yote miwili, wa kazi anayoiacha na wa kazi anayoiendea, aseme wazi kwamba anaondoka. Yumkini atanyimwa kadi ya kawaida. Lakini yumkini pia atapewa ile yenye dhamana, ambayo watu wengi hawajaisikia.

Kadi hiyo ya dhamana hutolewa kwa mtu aliyeweka amana benki, tuseme shilingi 100,000, na kuifungia isitolewe maadamu kadi ipo, naye akapewa kikomo kisichozidi amana hiyo. Amana huendelea kuzaa faida kidogo, benki hulala usingizi, na mwombaji hahitaji kuwa na hati ya mshahara ya Kenya. Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika imeruhusu hata mifugo iwekwe rehani, na wapo waliokopa kwa ng'ombe. Ila kwa kadi benki hupendelea fedha, kwa kuwa fedha haziugui wala hazitoroki kufuata malisho. Mwenye ng'ombe na auze wawili watatu, aweke fedha, ajue kwamba akirudi atazikuta. Ardhi ni habari nyingine kabisa. Mashamba ya pamoja ya Wamaasai yaliyoandikishwa chini ya sheria ya 1968 yamegawanywa katika sehemu nyingi za Kajiado, na vijana wengi wanazo hati za kumiliki zenye majina yao. Kuichukua hati hiyo na kuiweka rehani kwa ajili ya kadi ya kununulia koti la baridi ni wazimu, na mzee yeyote atakayemzuia kijana asifanye hivyo amefanya hisani kubwa.

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji na aombe taarifa yake mwenyewe kutoka CRB, yaani mojawapo ya zile ofisi za kumbukumbu za wakopaji, ambayo kisheria hupewa bure mara moja kila mwaka. Wengi hustaajabu kwa wanayoyakuta humo. Mkopo wa simu wa M-Shwari uliosahauliwa, deni la Fuliza lililoachwa katika laini ya zamani, au malimbikizo ya mkopo wa HELB wa miaka ya chuo, hutosha kumkosesha mtu kadi ijapokuwa mshahara wake ni mnono; na deni lililoorodheshwa, hata likilipwa, huweza kubaki katika kumbukumbu miaka mitano. Tangu Aprili 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliorodheshwi, na hiyo ni nafuu kwa wengi, lakini HELB haihesabiki kwa mamia. Anayekwenda nje akiwa na deni la HELB aendelee kulilipa kutoka huko huko, kwa maana halivuki mpaka pamoja naye wala halifi kwa kuachwa.

Gharama za kadi hii mtu akiwa ugenini zataka hesabu ya penseli. Tuseme yule muuguzi ametumia pauni 300, na pauni moja ni shilingi 170. Hizo ni shilingi 51,000. Kwa kubadili fedha benki hujiongezea sehemu yake, tuseme asilimia 3, na deni likawa shilingi 52,530. Taarifa ya mwezi humwambia kwamba anaruhusiwa kulipa moja ya kumi tu, shilingi 5,253, naye akafurahi na kulipa hiyo. Kumbe zile 47,277 zilizobaki, riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, zimezaa 1,418. Akiendelea na mtindo huo mwaka mzima pasipo kununua hata sindano, atakuwa ametozwa riba inayozidi shilingi 11,000, na bado atadaiwa zaidi ya 21,000. Akitoa fedha taslimu mashineni kwa kadi hiyo ni vibaya zaidi, kwa sababu hapo hakuna siku za msamaha: ada hukatwa papo hapo na riba huanza siku ile ile.

Tena kuna mchezo wa thamani ya shilingi, ambao anayelipwa kwa fedha ya kigeni na kudaiwa kwa shilingi hana budi kuuelewa. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na ilipofika katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi chini ya 130. Deni la shilingi 48,000 lililolipika kwa dola 300 mwanzoni mwa mwaka lilitaka dola 370 miezi sita baadaye, na kwenye karatasi halikuwa limeongezeka hata senti. Watu wa nyumbani walishangilia shilingi kupata nguvu, ilhali mdaiwa wa Dubai aliona mshahara wake ukinyauka. Dawa yake ni kulipa deni lote kila mwezi, asiingoje dola ipande.

Kwa Mwislamu anayekwenda Saudia kwa kazi kabla ya kwenda kwa ibada, suala la riba si la hesabu tu. Zipo benki za Kenya zinazofuata sharia, kama Gulf African iliyofungua milango mwaka 2008, na mwombaji anaweza kuulizia kwao kadi inayotoza ada iliyojulikana tangu mwanzo badala ya riba inayokua. Yasomwe masharti yote, kwani ada nayo hutofautiana, na kuchelewa kulipa kuna taratibu zake. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kadi ya kawaida inayolipwa yote kwa wakati wake, na mimi si mwenye elimu ya kuamua baina yao.

Kuna mambo madogo yanayoangusha kadi nyingi kuliko madeni. La kwanza ni laini ya simu. Karibu kila ununuzi wa intaneti sasa huthibitishwa kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyoiandikisha benki, na laini ya Kenya iliyotupwa ndani ya sanduku bila kutumika kwa muda mrefu huzimwa, kisha namba yake ikauzwa kwa mtu mwingine. Hapo kadi ipo mkononi, fedha ipo benki, na ithibati imekwenda kwa mgeni asiyekujua. Laini hiyo iwekwe hai, itiwe salio, na iruhusiwe kupokea ujumbe ng'ambo kabla ya kupanda ndege. La pili ni malipo yenyewe: agizo la kudumu liandikwe, ili kila mwezi deni lilipwe kutoka akaunti ya nyumbani ambayo msafiri ataitumia fedha, maana mtu wa zamu za usiku husahau tarehe. La tatu ni mtu wa kumwakilisha. Wakala wa benki aliyeko sokoni Ewuaso anaweza kupokea fedha ya kuwekwa, lakini hawezi kutia sahihi kwa niaba yako. Kazi hiyo yataka hati ya uwakili iliyoandikwa na mwanasheria, yenye kutaja waziwazi mambo ambayo ndugu yako ameruhusiwa kuyatenda benki na yale asiyoruhusiwa. Mwakilishi hana haja ya kuijua namba ya siri ya kadi, hata akiwa mama mzazi.

Mwisho liko suala la umri wa kadi. Usoni pake huandikwa mwezi na mwaka wa kwisha, aghalabu miaka mitatu au mitano tangu itolewe, na siku hiyo ikifika huwa kipande cha plastiki. Benki nyingine hupeleka mpya ng'ambo kwa ada, nyingine humkabidhi mwenye hati ya uwakili, na nyingine hushikilia kwamba mwenyewe afike tawini na kitambulisho chake. Jambo hili liulizwe siku ile ile ya kujaza fomu, jibu lake liandikwe, na ikiwa benki ni ya aina ya tatu, itafutwe benki nyingine, kwa kuwa aliyefungwa na mkataba wa miaka miwili Riyadh hapewi likizo ya kwenda kuchukua kadi Ngong.